Keki ya Kitinda kwenye Friji ya Bi Baridi

Mtaa mzima ulimwita Bi Baridi, na mwenyewe alikuwa amezoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake angegeuka nyuma kuona nani anaitwa. Jina lilitokana na friji. Ilikuwa friji ndefu ya mlango mmoja mpana, nyeupe hapo zamani, sasa rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Aliinunua kwenye bucha lililofungwa, na ili iingie jikoni ilibidi fremu ya mlango ing'olewe. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alisimama pembeni siku ile akasema mke wake ameolewa na mume wa pili, tena huyu ana kitambi na anakoroma mchana.

Kwa miaka kumi na sita Bi Baridi alioka keki zake na kulaza keki za wenzake. Kulaza, ndilo neno lake. Mtu akiwa na sherehe kesho na keki ya krimu leo, anaipeleka kwa Bi Baridi ilale. Si kila keki ilipata kitanda. Keki ya sukari na siagi tupu aliirudisha mlangoni: "Hii mtu mzima, ifunikeni muiweke kabatini, haitaki yaya." Lakini iliyojazwa krimu, maziwa au mayai aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto njiti. Aliifungia ndani ya boksi lake, akaiweka mbali na vitunguu, maana krimu ni mmbea, inabeba harufu ya kila anayepita. Aliachia nafasi pande zote ili baridi ipite. Na kwenye rafu ya katikati kulikuwa na glasi ya maji, ndani yake kipimajoto. Kikisoma nyuzi nne, yeye analala usingizi. Kikisoma sita, hasalimii mtu.

Kipimajoto kile alipewa na mama yake. Mama alikuwa mkunga wa zahanati, miaka thelathini na minane. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikitoka tumboni, na nusu nyingine ilipita ikienda kupima presha. Zahanati ilikuwa na friji ya chanjo, na friji ile ilikuwa na sheria: inafunguliwa asubuhi na jioni, namba inaandikwa kwenye karatasi ya mlangoni, basi. "Friji ya chanjo si dirisha," Mama alizoea kuwaambia wanafunzi wake. "Haifunguliwi kwa kuchungulia." Kipimajoto kipya kilipoletwa, cha zamani kilihamia kwa Bi Baridi pamoja na sheria yake. Naye akabandika karatasi yake mlangoni, safu mbili, asubuhi na jioni, na chini yake akaandika kwa kalamu nene: USIFUNGUE BILA SABABU. NJAA SI SABABU.

Mwalimu aliwahi kunywa maji ya moto wiki nzima ya jua kali kwa ajili ya karatasi ile.

Sasa tuje kwa Kitinda. Kitinda ni mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa, amepishana naye miaka kumi na minne, na kama walivyo vitinda mimba wote, alikuta ulimwengu umeshafagiliwa. Bi Baridi alimbeba mgongoni. Alimnyoa, alimpeleka shule, alimfundisha kupepeta unga na kutenganisha kiini cha yai na ute. Halafu Kitinda akaenda miezi sita kwenye chuo cha mapishi, akarudi na cheti kilichofungwa kwenye fremu na namna mpya ya kushika mwiko, kwa ncha za vidole, kama anaogopa utamuuma. Ndani ya mwaka mmoja watu walianza kumuuliza Bi Baridi, "Hivi yule mdogo wako ana namba gani ya simu?" Aliitoa. Aliitoa akitabasamu, tarakimu moja moja, kama mtu anayeng'olewa meno kwa zamu.

Yote hayo aliyameza. Lililomkwama ni la Mama kustaafu. Zahanati ilipanga kumuaga siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, katika bwalo la shule. Bi Baridi alikuwa ameshaanza kuchora keki kichwani, Mama akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Ya safari hii nimemwachia mdogo wako, mwanangu. Yako nimeila miaka yote."

"Sawa, Mama," alisema Bi Baridi. Ilikuwa sawa yenye meno.

Alhamisi, jirani zake wakidhani anafua, alioka keki ya matunda. Nyeusi, nzito, zabibu kavu tele, keki ya kukaa wiki tatu kabatini bila kumwomba mtu baridi. Akaifunga kwa karatasi, akaitia kwenye kopo kubwa la biskuti, akaipandisha juu ya kabati.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Mwalimu.

"Ya dharura."

"Dharura gani?"

"Dharura haipigi hodi, Mwalimu. Endelea na vitabu vyako."

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi Kitinda alifika, amekaa kiti cha nyuma cha gari la kukodi na boksi mapajani, dereva akiambiwa kila baada ya mita mbili "polepole kaka, polepole". Friji yake mwenyewe ilikuwa ya kuweka juisi mbili na nusu ndimu. Na kwa kulaza keki, hata wabaya wa Bi Baridi walikubali hakuna mwingine.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ndani kuna nini?"

"Kastadi katikati, matabaka matatu. Nje krimu."

"Kastadi uliipoza lini?"

"Jana jioni, dada. Nimeoka, nimepoza, imelala kwa jirani yangu, nimejaza asubuhi hii. Vile vile ulivyonifundisha."

Hilo la mwisho lilikuwa sifa, lakini lilimwingia Bi Baridi kama mwiba wa samaki. Akafungua boksi.

Keki ilikuwa nyeupe, laini, pande zake zimenyooka kama ukuta wa benki. Juu yake alilala mtoto mchanga wa sukari, amefungwa shuka, mguu mmoja umechomoka. Mguu wenyewe mdogo kama punje ya karanga. Bi Baridi aliinama. Alihesabu vidole. Vilikuwa vitano.

Aliumia.

"Umeionaje?" aliuliza Kitinda.

"Ni keki," alisema Bi Baridi.

"Asante dada. Naenda kusuka. Nitaifuata saa nane na nusu. Shemeji, kwaheri!"

"Kwaheri shem," alijibu Mwalimu kutoka sebuleni, ambako alikuwa amezama kwenye madaftari ya kidato cha pili. Kutoka kiti chake jikoni hakukuonekana, lakini kulisikika.

Bi Baridi aliiweka keki kwenye rafu pana kama anavyoweka zote: boksi limefunikwa, nafasi pande zote, kipimajoto kinasoma nne. Akafunga mlango. Akafuta meza. Meza ilikuwa safi, akaifuta tena.

Halafu akafungua friji.

Alijiambia anaangalia boksi kama limekaa sawa. Lilikuwa limekaa sawa. Akainua kifuniko. Pande zimenyooka vilevile. Akafunga. Dakika kumi baadaye alikumbuka kwamba hakuuona upande wa kulia. Akafungua. Upande wa kulia ulikuwa pacha wa kushoto. Akafunga kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Akafungua mara mbili nyingine, na saa nne na dakika chache alifungua tena, maana sasa ulikuwa umebaki wa nyuma. Hakuna fundi chini ya jua asiyeficha kosa lake nyuma. Yeye mwenyewe, keki zake zote, ufa huuelekeza ukutani. Alivuta boksi lote mbele mpaka nusu yake ikaning'inia nje ya rafu, akapindisha shingo, akachungulia kama anayetafuta hereni chini ya kitanda. Nyuma palikuwa pameandikwa kwa krimu, herufi ndogo, mahali ambapo hakuna mgeni angepaona: *Mikono iliyonipokea kwanza.*

Alisukuma boksi ndani bila kuangalia, akausukuma mlango kwa goti, akaenda kukaa.

Maandishi yale ndiyo yaliyommaliza. Kwamba mtu anaweza kuandika kitu kizuri halafu akakigeuzia ukutani. Yeye angekiweka mbele, kwa dhahabu. Alikaa dakika tano akiwaza kama herufi zilikuwa zimepinda, akaona ni haki kwenda kuhakikisha.

Na hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Mlango wa friji ile ulikuwa na bawaba inayolia *nyeee* ukifungua na *mfu* ukifunga. Sebuleni Mwalimu alisikia nyeee, akasikia mfu. Nyeee, mfu. Mwalimu wa hesabu hawezi kusikia kitu kinajirudia asikiandike. Ni ugonjwa wa kazi. Akachukua kalamu nyekundu, nyuma ya daftari la mwanafunzi mmoja ambaye hata hivyo alikuwa amepata sifuri, akaanza kuandika saa.

"Mke wangu," aliita saa sita, "njaa imekuwa sababu siku hizi?"

"Nakagua!"

"Hiyo ya kumi na sita!"

"Kwani unauza tiketi?"

Lakini kuna jambo moja alilokuwa hakagui. Kila alipofungua, macho yalikwenda kwa mtoto wa sukari, kwa pande, kwa yale maandishi. Kwenye glasi ya maji hayakwenda. Macho ya wivu hayasomi namba. Wala goti lake lilipousukuma mlango halikuhisi kwamba kona ya boksi, lililovutwa mbele ile saa nne bila kurudishwa vizuri, ilikuwa inausukuma mlango nje kwa unene wa kidole. Mlango ulisema *mfu*, ukakaa wazi. Na joto la siku ile lilikuwa lile la kufanya mbuzi aombe feni.

Saa nane na dakika tano, mara ya ishirini na tatu, alipoinama alihisi kitu mguuni. Maji. Tone, tone, kutoka chini ya mlango. Akageuza macho kwenye glasi.

Kumi na mbili.

Akakitoa kipimajoto, akakitikisa, akakirudisha. Kumi na mbili. Akaona kona ya boksi. Akaona mlango. Akaelewa yote kwa mpigo, kama mtu anayekumbuka ameacha pasi juu ya shati.

Na tuseme ukweli, kitu cha kwanza kilichompitia kifuani kilikuwa raha. Raha ndogo, ya sekunde mbili, yenye aibu ya mwizi. Keki ya Kitinda imekwisha.

Halafu ikaja hesabu. Kastadi ni maziwa na mayai. Muda wa saa nne kwenye joto la namna hiyo, ndani yake kunakuwa na sherehe ambayo haikualikwa. Kwa macho huoni kitu. Harufu hakuna. Aliinua kifuniko na keki ikamwangalia ikiwa nzuri kama asubuhi. Wangeikata saa kumi na moja. Wangekula wajawazito wa zahanati, wangekula watoto wa kliniki, wangekula wazee wa presha, na Jumapili asubuhi wote wangerudi pale pale zahanati wakiwa wameshika matumbo, siku ya kwanza mkunga wao akiwa hayupo kazini. Na mtaa ungesema: keki ya Kitinda ile. Hakuna ambaye angeuliza ililala wapi.

Hilo nalo alilifikiria. Alilifikiria kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka.

Angeweza kunyamaza. Akakaza baridi mpaka mwisho; friji ikanguruma, namba ikashuka hadi kumi na moja. Lakini yeye ndiye aliyewaambia watu miaka kumi na sita kwamba kastadi haisamehe, kwamba ukiipoza tena umepoza ubaya tu. Basi aseme. Akainua kichwa, na pale juu ya kabati kopo la biskuti likamkodolea macho.

Aseme nini? Mdogo wangu, keki yako imeharibika ndani ya friji yangu, mikononi mwangu, lakini usijali, kwa bahati ninayo nyingine tayari, nimeioka Alhamisi kwa siri. Hata yeye asingejiamini. Ukimkuta paka na manyoya mdomoni, humuulizi kuhusu kuku.

Nje gari lilipiga honi. "Dada! Nimewahi!"

Kitinda aliingia na nywele mpya, zimemvuta uso mpaka anaonekana ameshangaa muda wote. Bi Baridi alikuwa amesimama mbele ya friji, mgongo wake ukiwa mlangoni.

"Usiitoe," alisema.

"Kwa nini?"

"Imefika kumi na mbili. Tangu saa nne. Mlango haukufunga. Haifai, mdogo wangu. Haifai kuliwa."

Kitinda alicheka kwanza. Kisha akausogeza mkono wa dada yake, akafungua, akasoma glasi. 

"Wewe," alisema. "Wewe, dada? Friji yako hii, mlango usifunge kwa saa nne, usijue?" Akaangalia jikoni kama mtu anayetafuta shahidi, na macho yake yakapanda juu ya kabati. Kopo lile alilijua. Alilijua tangu utotoni. Humo ndimo keki ya matunda hukaa. "Na hilo kopo lina nini?"

"La dharura."

"Dharura uliioka lini?"

"Alhamisi."

"Kumbe dharura ilikutumia salamu mapema."

"Sikufanya makusudi."

"Dada, nilikuletea kwa sababu ni wewe! Ningeweza kuipeleka hotelini!"

"Nakuapia sikufanya makusudi!"

"Sasa nini? Upepo?"

Mwalimu alitokea mlangoni na daftari mkononi na kalamu nyekundu sikioni. "Shem," alisema, "samahani, naomba nisome ushahidi." Akavaa miwani. "Saa tatu kasoro tano, amefungua. Saa tatu na tano. Saa tatu na robo. Saa tatu na nusu, huo alikaa nao sana. Saa nne na dakika tano, nimesikia boksi likiburutwa. Saa nne na kumi na tano. Saa nne na ishirini na tano..."

"Inatosha," alisema Bi Baridi.

"Jumla, ishirini na tatu. Sasa shem, mimi ni mtu wa hesabu. Mharibifu hufungua mara moja, anaacha wazi, anaenda zake kuoga. Anayefungua na kufunga mara ishirini na tatu, huyo si mharibifu." Akavua miwani. "Huyo ni mgonjwa."

Bi Baridi alitamani sakafu ipasuke immeze, na kama ingewezekana immeze na Mwalimu kwanza.

"Ulikuwa unaangalia nini?" aliuliza Kitinda.

Kitinda akachukua simu bila kungoja jibu, akampigia Mama, akaiweka sauti ya juu. "Mama, kuna tatizo la keki."

Mama hakuuliza tatizo gani. Aliuliza, "Ngapi?"

"Kumi na mbili," alisema Bi Baridi.

"Tangu lini?"

"Saa nne na dakika tano, Mama!" aliita Mwalimu.

"Mwageni." Hakuvuta hata pumzi. Chanjo za wiki nzima alishazitupa kwa sauti hiyo hiyo. "Na nani alikuwa anafungua?"

"Mimi, Mama."

"Kwa sababu gani?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

Bi Baridi ana miaka arobaini na moja, ana mume, ana friji, na alisimama pale kama mtoto aliyekutwa na sukari kwenye mashavu. "Natafuta kosa," alisema. "Nilianza na vidole. Ni vitano, Mama. Halafu amekuandikia maneno nyuma. Sikupata kosa. Nikawa narudi."

Kisha Mama akasema, taratibu, "Nilikwambia friji si dirisha," akakata.

Kitinda ndiye aliyeimwaga. Alikataa kusaidiwa. Aliikata vipande kwanza ili asiokote mtu, na ndani kastadi ilionekana, rangi ya jua la asubuhi, imekaa matabaka matatu bila kutambaa hata kidogo. Bi Baridi aliangalia kastadi ile ikienda kwenye ndoo na wivu wake haukupungua. Ulipata sababu mpya. Kastadi yake yeye hutambaa kila mara.

Mtoto wa sukari walimnusuru. Kitinda alimkwangua krimu chini, akamlaza kwenye kisahani.

"Haliwi huyo," alisema Bi Baridi.

"Najua haliwi," alisema Kitinda. "Chukua kopo lako twende."

Bwaloni Mama alikuwa mbele na gauni la bluu. Keki ya matunda iliwekwa mezani, nyeusi kama tofali lililoungua, na kando yake kisahani. Mama alivaa miwani, akamwinua mtoto wa sukari kwa vidole viwili, akahesabu vidole vyake vya mguu, kimoja kimoja, kama alivyohesabu vya kila mtoto aliyempokea kwa miaka thelathini na minane. Watu wakacheka wakapiga makofi. Bi Baridi hakucheka. Alijua sasa ile tabia ya kuhesabu aliitoa wapi.

Keki ikakatwa, ikaliwa. Ilikuwa imara, haikumuumiza mtu tumbo, ilimuumiza mzee mmoja jino. Na wakati wakiitafuna, simu zilizunguka meza kwa meza. Kitinda alikuwa ameipiga picha asubuhi, pande zote nne. "Jamani angalia hii!" walisema, midomo imejaa zabibu za Bi Baridi. "Angalia mguu! Kumbe nyuma kuna maandishi!" Hakuna aliyesema neno juu ya wanayoitafuna. Keki iliyokuwa kwenye ndoo iliishinda keki iliyokuwa mezani, tena bila kuhudhuria.

Simu ilifika kwa Mama. Aliyasoma maandishi ya nyuma, akayasoma tena, akawatazama binti zake wote wawili. Kisha akakata kipande cha pili cha keki ya matunda, akakila polepole mpaka mwisho. "Kavu," alimwambia Bi Baridi. "Ila ya kwako ndiyo niliyoila."

Walipokuwa wanakusanya sahani, Bi Baridi alisogea karibu na mdogo wake.

"Ile kastadi," alisema. "Haitambai. Unaifanyaje?"

Kitinda aliendelea kupangusa sahani. Nywele zake mpya zilimfanya aonekane ameshangaa, lakini mdomo ulikuwa bado umekaza.

"Nitakuonyesha," alisema. "Kwanza nunua kufuli la friji."

"Nitanunua."

"Na ufunguo atakaa nao shemeji."

Jumatatu kufuli lilining'inia mlangoni, chini kidogo ya ile karatasi, na kwenye karatasi, baada ya NJAA SI SABABU, mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: VIDOLE PIA.